Jicho la Lubumbashi lina bei gani?

Familia yetu imetawanyika, na kila aliyeondoka alijikuta na mpira wa kule alikofikia. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, yuko Dallas, na tangu afike huko hakuna anayempigia simu Jumapili ya mwezi wa kumi akaitika. Mdogo wetu wa mwisho alipitia Zambia, akakaa kambini, kisha akapelekwa Melbourne. Siku hizi anavaa skafu ya timu ya kule na kuimba nyimbo tusizozijua. Shemeji yetu yuko Toulouse, na Toulouse usipopenda raga utakunywa bia yako peke yako. Mimi nilibaki Lubumbashi, mtaa wa Katuba, na timu yangu ya Mazembe.

Ubishi wa mpira wa nani ni mkubwa zaidi ulianza kwa mzaha. Nilimtumia Yaya sauti: "Bale banabebaka mupira mu mikono sawa mama anabeba mutoto, njo unaniambia ni football?" Hakucheka. Alinijibu kwa namba, na tangu siku hiyo kila mmoja anatupa namba zake mezani kama mtu mwenye karata nzuri.

Yaya alileta Super Bowl ya Februari 2025, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani: wastani wa watazamaji milioni 127.7, Marekani peke yake, na tangazo la sekunde 30 likiuzwa hadi dola milioni 8. Mdogo wetu akaleta mkataba wa ligi ya AFL, ule mpira wao wa uwanja wa umbo la yai wenye nguzo nne za goli: dola bilioni 4.5 za Australia kwa miaka saba, 2025 hadi 2031. Shemeji akaleta robo fainali ya Kombe la Dunia la raga, Oktoba 2023, Ufaransa ilipofungwa na Afrika Kusini 29–28 huku Wafaransa kama milioni 16.5 wakiumia mbele ya televisheni ya TF1. Mimi nikaweka fainali ya Kombe la Dunia la Qatar: FIFA inasema iliwafikia watu karibu bilioni 1.5. Namba hiyo kwa kawaida hufunga mjadala. Ndiyo maana inafaa kuitilia shaka kabla ya nyingine zote.

Tazama fainali ya 2018, Ufaransa na Kroatia. FIFA yenyewe ilitoa namba mbili kwa mechi ile ile moja: watu bilioni 1.12 waliofikiwa, na wastani wa watu milioni 517 waliokuwa wakitazama moja kwa moja. Moja ni zaidi ya mara mbili ya nyingine. Aliyefikiwa ni yeyote aliyepita mbele ya televisheni hata kwa dakika moja, akaona jezi za rangi rangi, akaenda zake. Wastani ni kitu kingine: ni hesabu ya watu waliokuwepo dakika hadi dakika, tangu mwanzo hadi filimbi ya mwisho. Ile milioni 127.7 ya Yaya ni wastani. Ile bilioni 1.5 yangu ni ya waliofikiwa. Ukizilinganisha hivi hivi umeshadanganya, hata kama kila namba ni ya kweli.

Basi njia ya haki ni kutafuta nchi moja, kipimo kimoja, michezo miwili. Ufaransa inatupa mfano safi. TF1 ile ile iliyoonyesha robo fainali ya raga ndiyo iliyoonyesha fainali ya Argentina na Ufaransa tarehe 18 Desemba 2022, na siku hiyo wastani ulikuwa watu milioni 24.08, rekodi ya televisheni ya Ufaransa. Nilimtumia Shemeji. Alinyamaza, kisha akasema raga inachezwa na watu wenye adabu. Sikuendelea.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwa mdogo wetu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa bila kujua anampa silaha adui. Australia ni nchi iliyogawanyika kimpira kuliko nchi nyingine yoyote ninayoijua. Melbourne, Adelaide na Perth ni AFL. Sydney na Brisbane ni raga ya watu 13, ligi ya NRL. Mpira wa miguu, huu wetu, ni wa watoto na wa wahamiaji. Sasa, tarehe 16 Agosti 2023, wanawake wa Australia walicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uingereza, mjini Sydney. Walifungwa 3–1. Wastani wa watazamaji kwenye kituo cha Seven ulikuwa milioni 7.13, na waliofikiwa milioni 11.15, katika nchi ya watu kama milioni 26. Tangu mfumo wao wa kupima watazamaji uanze mwaka 2001, hakuna kipindi kilichokuwa kimepata wastani mkubwa hivyo. Si fainali ya AFL, si ya NRL. Ni mpira wa miguu, tena wa wanawake.

Nikadhani hapo sasa fedha zitafuata. Hapana. Ligi ya mpira wa miguu ya Australia, A-League, ilikuwa imeuza haki zake mwaka 2021 kwa takriban dola milioni 200 za kwao, miaka mitano. Gawanya: milioni 40 kwa mwaka. AFL inapata zaidi ya milioni 640 kwa mwaka. Mchezo wenye usiku mkubwa kuliko yote tangu mfumo ule wa kupima uanze haupati hata moja ya kumi na tano ya fedha za jirani yake.

Sababu ni kwamba anayelipia haki za matangazo hanunui usiku mmoja. Ananunua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, wiki baada ya wiki, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tisa. Anataka kujua kwamba katikati ya mwezi wa sita, mvua inanyesha, timu mbili mbovu zinacheza, bado kuna watu laki kadhaa ambao hawawezi kukaa bila kutazama, na ambao watalipa abonema ya mwezi ili wasikose. Kombe la Dunia ni sherehe. Mfanyabiashara anataka mazoea.

Na tukifika kwenye mazoea, Yaya ana haki ya kunicheka. Mikataba ambayo NFL ilisaini mwaka 2021 ni ya takriban dola bilioni 110 kwa miaka 11, kuanzia msimu wa 2023. Ni kama bilioni 10 kwa mwaka. FIFA, katika miaka minne yote ya 2019 hadi 2022, pamoja na Kombe la Dunia lenyewe, ilipata kwa haki za televisheni takriban dola bilioni 3.4. Dunia nzima, miaka minne, Messi na Mbappé ndani yake: theluthi moja ya mwaka mmoja wa Marekani. Mwaka 2023, kati ya matangazo 100 ya televisheni yaliyotazamwa zaidi Marekani, 93 yalikuwa mechi za NFL. Hapo huzungumzii mchezo unaopendwa. Unazungumzia kitu kinachoibeba televisheni nzima mgongoni.

Tena mchezo wenyewe umejengwa kama duka. Mpira unachezwa sekunde chache, unasimama. Gazeti la Wall Street Journal liliwahi kupima mwaka 2010 likakuta kwamba katika mechi ya zaidi ya saa tatu mpira uko hai kwa dakika kama 11 tu. Zinazobaki ni kupanga mistari, kurudia picha, na matangazo ya biashara. AFL nayo ina mlango wake: kila goli likifungwa mpira unarudishwa katikati, na hapo kituo kinaingiza tangazo la haraka. Huu wetu ni dakika 45 bila mlango. Ndiyo maana nilikunja uso Desemba 2025, FIFA ilipotangaza kwamba katika Kombe la Dunia la 2026 kila kipindi kitakuwa na mapumziko ya dakika tatu ya kunywa maji, mechi zote, hata pasipo na joto. Maji ni mazuri. Ila sijawahi kuona afya ya mchezaji ikikutana vizuri hivyo na ratiba ya matangazo.

(Kwa wanaodhani mchezo wa Yaya hauna mtu wetu: Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, jina la Kasai kabisa, alichaguliwa na Carolina Panthers wa 8 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL wa 1996. Mwaka mmoja kabla, akiwa chuo kikuu cha Michigan, alikimbia na mpira yadi 313 dhidi ya Ohio State. Wamarekani wakamkatia jina, wakamwita Tim.)

Sasa tuje Afrika, maana namba za wengine ni tamu hadi ufike kwenye zako. Mwaka 2016 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilisaini mkataba na kampuni ya Kifaransa Lagardère: angalau dola bilioni 1 kwa miaka 12, kuanzia 2017 hadi 2028, kwa ajili ya CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, na mashindano ya vilabu. Mwaka 2019 CAF yenyewe iliuvunja, lakini ile bei iliyowekwa mezani inabaki ni ushahidi. NFL inapata bilioni moja kama hiyo kwa wiki mbili hivi za msimu. Nilipiga hesabu ya kila kichwa, nikaituma kwa wote watatu. Marekani, NFL inaingiza karibu dola 30 kwa mwaka kwa kila mkazi, mtoto mchanga na kizee wakiwemo. Australia, AFL inaingiza dola 24 za kwao, kama nusu ya ile ya Marekani, na hapo bado NRL haijahesabiwa. Mpira wa Afrika, kwa mkataba ule, ulikuwa senti 6 za dola kwa kila Mwafrika.

Senti sita. Na hakuna anayeweza kuniambia kwamba Mmarekani anaupenda mpira wake mara mia tano kuliko mtu wa Katuba.

Mpira hapa unatazamwa namna hii. Kuna dekoda moja, skrini moja kubwa, mabenchi, na mlangoni kijana anayekusanya faranga. Siku ya CAN au Ligi ya Mabingwa watu hukaa hadi kwenye madirisha. Umeme ukikatika, mwenye ukumbi anawasha jenereta kabla watu hawajaanza kudai fedha zao. Kwenye vitabu vya kampuni inayouza abonema, hiyo ni nyumba moja, mteja mmoja. Ndani kuna watu kama themanini. Marekani, kampuni ya Nielsen siku hizi inawahesabu hata wanaotazama baa na kwa marafiki, na mwaka 2025 ilipanua hesabu hiyo kabla ya Super Bowl. Sehemu ya rekodi ile ya Yaya imetoka hapo. Baa ya Dallas inahesabiwa. Ukumbi wa Katuba hauhesabiwi na yeyote, isipokuwa FIFA inapotaka kusema bilioni. Hapo ghafla sote tumo.

Kuna utamu wake kidogo kusahauliwa. Kule Uingereza, tangu miaka ya 1960, Jumamosi kuanzia saa nane na dakika 45 mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni haionyeshwi mechi moja kwa moja kwenye televisheni, ili watu waende viwanjani kwenye timu ndogo. Kwa hiyo mtu wa Liverpool aliyekosa tiketi anasikiliza redio, na sisi hapa, saa kumi au saa kumi na moja jioni kufuatana na majira yao, tunaiangalia timu yake vizuri kabisa. Ni moja ya vitu vichache ambavyo Lubumbashi ilipata na London ikakosa.

Tena sisi tulio nje ya Uingereza ndio tunaoilipa ligi ile zaidi ya wenyewe: katika misimu ya 2022 hadi 2025, haki zilizouzwa nje ya nchi zilizidi kwa mara ya kwanza zile za ndani. Lakini nje si sawa na nje. NBC ya Marekani ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.7 kwa misimu sita, na mechi moja huko inatazamwa kwa wastani na watu kama nusu milioni. Nusu milioni! Kumbi za Lubumbashi na Likasi zikijumlishwa, sijui kama zingekuwa mbali sana. Lakini mtu mmoja wa kule anaweza kununua gari, bima na simu mpya kabla ya mapumziko. Huyu wa hapa atanunua bia moja baridi ya Simba na kadi ya simu.

Ukitaka kuona jambo hili likitendeka karibu na mlango wetu, fuata jina la Visit Rwanda. Mwaka 2018 lilikaa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal. Hapa Kongo halikutuacha na amani, na baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwezi wa kwanza wa 2025, waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia Arsenal, Bayern Munich na PSG akiwataka wavunje mikataba ile. Novemba 2025 Arsenal ilitangaza kwamba udhamini ungekwisha Juni 2026. Watu wa Katuba walishangilia kama goli. Wachache waligundua kilichotokea mwezi wa tisa kabla ya hapo: Visit Rwanda ilikuwa imesaini Los Angeles, na Clippers wa mpira wa kikapu na Rams wa NFL. Ilikuwa imehamia kwenye mpira wa Yaya.

Kwa nini NFL, ambayo Kigali hakuna anayeitazama? Kwa sababu kibali cha kwenda kuwaona gorila wa milimani kule ni dola 1,500 kwa mtu mmoja, bila ndege, bila hoteli. Ukiuza kitu cha bei hiyo huhitaji bilioni ya macho. Unahitaji elfu chache za watu wenye fedha na likizo, na California wapo. Unaweza kuichukia siasa yake, na mimi naichukia, lakini hesabu yake ya soko ni ya mtu aliyesoma jedwali lile lile nililokuwa nikilitumia familia yangu.

Sisi tulijibuje? Kwa kwenda Monaco, AC Milan na Barcelona, katikati ya 2025. Mkataba wa Barcelona peke yake uliripotiwa kuwa zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne, ili maneno ya kuisifu Kongo kama moyo wa Afrika yaonekane kwenye jezi za mazoezi. Nimewasikia wanaoutetea: nchi lazima iuze sura yake. Sawa. Lakini mtalii wa Barcelona akishawishika kesho asubuhi, atashuka wapi? Gorila wetu wako Virunga na Kahuzi-Biega, na njia za kwenda huko ni Goma na Bukavu. Tumenunua kibao cha kuonyesha njia ya duka ambalo ufunguo wake hatuna.

Kuna kitu kimoja tu ambacho jedwali langu lilishindwa kukiwekea bei. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya CAN dhidi ya Kodivaa. Wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani, kama bastola. Wanaouawa mashariki, na dunia inayonyamaza. Tulifungwa 1–0, goli la Haller. Sekunde zile hazikuwa tangazo, hakuna aliyeziuza, na picha yake ilizunguka dunia kuliko euro milioni 40 zitakavyozunguka. Yaya aliniambia hata kazini kwake Dallas, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia neno CAN, mtu alimwuliza maana yake.

Narudi kwenye biashara, maana kuna kazi ambayo ingeweza kufanywa hapa hapa bila kumsubiri mtu wa FIFA kule Zurich au wa CAF kule Cairo. Mazembe ni bingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 iliifunga Internacional ya Brazil 2–0, ikacheza fainali ya vilabu vya dunia na Inter Milan huko Abu Dhabi, na kipa wake Kidiaba akaruka kwa makalio mbele ya kamera za dunia nzima. Mwaka 2024 wanawake wake walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Upande wa pili wa mji kuna timu ya Lupopo, watu wa reli, waliozaliwa mwaka ule ule wa 1939. Siku ya dabi mji huu unafunga kazi mapema. Kama kuna mazoea ya kuuza, haya ndiyo.

Kinachokosekana ni hesabu. Mtu angechukua vijana wa chuo kikuu, akawaweka kwenye kila ukumbi wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi Jumapili ya dabi na Jumapili nyingine isiyo na kitu, wahesabu vichwa kila robo saa. Apate wastani, si waliofikiwa. Akienda na karatasi hiyo kwa mwenye kiwanda cha bia au kampuni ya simu, angalau mazungumzo yangeanza kwenye namba inayojulikana, badala ya "mashabiki ni wengi sana, papa".

Nilimweleza mwenye ukumbi ninakotazamia mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza karatasi hiyo itafika pia kwa wanaouza abonema? Nikamwambia bila shaka, ndio watakaokuwa wa kwanza kuitaka. Akatikisa kichwa. Abonema yake ni ya nyumbani, ya mke, mume na watoto. Watu themanini kwa karatasi, kwake, si thamani, ni faktura ya kulipa.